Manowari, Mgema na Soko la London: Majina ya Mtaani ya Vinywaji vya Waingereza

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wafasiri, walimu wa Kiingereza na wahudumu wa hoteli. Tunaiweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika.

Shikamooni wazee wetu mliokaa mbele. Ndugu wafasiri, walimu, nanyi vijana wa hoteli mliotoka zamu ya usiku mkaja moja kwa moja hapa, hamjambo? Asanteni sana kwa kuja.

Najua humu ndani wamo wengi ambao kileo hakijawahi kugusa midomo yao, na hakitagusa. Mjisikie mko nyumbani. Leo hatunywi, tunachunguza majina. Na jina la kinywaji hubeba habari nyingi: nani alikuwa akikinywa, alikuwa akifanya kazi gani, nani alimpimia, na alipimiwa kiasi gani.

Nataka tushike jambo moja tangu mwanzo. Misimu, yaani maneno ya mtaani, ya vinywaji vya Waingereza kwa sehemu kubwa haikuzaliwa kwenye meza za mabwana. Ilizaliwa kazini: melini, gatini, sokoni, kambini. Ukitaka kujua neno limetoka wapi, usianze na kinywaji. Anza na mnywaji na kazi aliyokuwa akifanya.

Tuanze na manowari. Neno lenyewe "manowari" tumelipata kwa Waingereza hao hao wa baharini, basi tupo nalo jirani.

Turudi mwaka 1740, bahari ya Karibi. Baharia wa jeshi la Uingereza alikuwa akipewa nusu painti ya rum kila siku. Karibu robo lita ya pombe kali, kavu, bila tone la maji! Sasa jiulizeni: ukimpa mtu kiasi hicho kila siku, halafu ukamwambia apande mlingoti akafunge tanga wakati meli inayumba, nini kitatokea? Kilitokea hicho hicho mnachokifikiria. Na lilikuwepo tatizo la pili, kubwa kuliko la kwanza. Rum kavu haiharibiki. Baharia aliweza kuiweka akiba kwenye chupa, akakusanya ya siku nne au tano, kisha akainywa yote usiku mmoja.

Mkuu wa kikosi alikuwa Admeli Edward Vernon. Mwezi Agosti mwaka huo alitoa agizo, na agizo lake lina vipimo kamili ambavyo kila mhudumu wa baa angevielewa. Kila nusu painti ya rum ichanganywe na kwati moja ya maji, yaani painti mbili. Hiyo ni sehemu moja ya rum kwa sehemu nne za maji. Ichanganywe ndani ya pipa moja lililotengwa kwa kazi hiyo tu. Ichanganywe juu ya sitaha, mbele ya afisa wa zamu, ili baharia asipunjwe haki yake. Igawiwe mara mbili: asubuhi kati ya saa nne na saa sita, na jioni kati ya saa kumi na saa kumi na mbili. Baharia atakayebana matumizi ya mkate na nyama yake ya chumvi anaweza kununua ndimu na sukari, akalainisha kinywaji chake.

Mnaona akili iliyomo humo? Maji yaliondoa ukali, na zaidi ya hapo yaliondoa akiba. Rum iliyotiwa maji mengi hivyo hupooza na kupoteza ladha, haina faida kuificha. Na kugawa mara mbili kulivunja dozi katikati.

Sasa jina. Vernon alizoea kuvaa joho la kitambaa kiitwacho "grogram", kitambaa kigumu cha hariri iliyochanganywa na sufu au singa za mbuzi. Jina la kitambaa lilitokana na Kifaransa, maana yake nyuzi nene. Mabaharia walikuwa wameshambandika lakabu ya "Old Grog", Mzee Grog. Alipowatilia maji rum yao, lakabu ikahama kutoka begani mwa mwenye joho ikaingia ndani ya kikombe. Kinywaji kikawa "grog". Aliyekinywa kupita kiasi akawa "groggy", na baadaye neno hilo likamfuata bondia aliyepigwa akapepesuka, kisha mtu yeyote aliyeamka kichwa kizito. Leo Mwingereza anaweza kukuambia yuko "groggy" hali hajanywa chochote, ametoka tu kwenye ndege. Mfasiri usimwandike mlevi!

Kipimo kiliendelea kupunguzwa. Katikati ya karne ya 19 kilikuwa kimeshuka hadi sehemu ya nane ya painti, mililita 71, na kipimo hicho kikaitwa "tot". Kikawa fedha ya melini. Ukidaiwa fadhila ndogo, kwa mfano mwenzako kakushikia zamu kidogo, unamlipa "sippers": anaonja funda dogo kwenye kikombe chako. Fadhila kubwa zaidi ni "gulpers": funda moja kubwa la kujaza mdomo. Na ukidaiwa deni zito kabisa, unatoa "sandy bottoms", yaani anamaliza kikombe chote hadi chini. Maneno matatu, bei tatu, na kila mtu melini alijua ipi ni ipi. Mpango huo ulikoma tarehe 31 Julai 1970. Siku hiyo baharia wengine walivaa vitambaa vyeusi mikononi kama waombolezaji, na hadi leo inaitwa siku ya "Black Tot".

Kabla hatujashuka melini, kuna kosa moja la kusahihisha. Rum ya jeshi la majini huitwa pia "Nelson's blood", damu ya Nelson. Mtasimuliwa kwamba Admeli Nelson wa Uingereza alipouawa katika vita vya baharini vya Trafalgar, tarehe 21 Oktoba 1805, maiti yake ilihifadhiwa kwenye pipa la rum, na mabaharia wakatoboa pipa wakanywa. Maiti ilihifadhiwa kweli ndani ya pipa, lakini lilikuwa pipa la brandi. Jina limeshikamana na kinywaji ambacho hakikuwemo kwenye tukio. Kwa hiyo mkiwa na jina lenye kisa kitamu, kiulizeni kisa maswali magumu. Kinywaji gani hasa? Nani alikishuhudia?

Sasa ndugu zangu, tuingie bahari yetu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo Kiswahili na misimu ya Waingereza vilipokunywa kisima kimoja.

Nani kati yenu amemwona mgema akiwa kazini? Naona mikono ya watu wa pwani. Basi mnajua. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni. Hulifunga karara kabla halijafunguka, hukata ncha yake kwa kotama, hutega kibuyu chini yake. Kila anaporudi huchonga upya utepe mwembamba kabisa, kwa sababu jeraha la jana limeshaanza kuziba na maji hayatiririki. Kinachodondoka asubuhi ni kitamu. Lakini hamira za asili zilizomo hewani na ndani ya kibuyu huanza kazi papo hapo. Kufika jioni limekuwa tembo kali, na likilala linaelekea kuwa siki.

Waingereza walipofika India waliwakuta wagema. Mti uliogemwa sana huko unaitwa "tar", ndugu wa karibu wa mvumo wetu, na utomvu wake unaitwa "tari". Masikioni mwa Waingereza "tari" likawa "toddy". Kwa maana ya kwanza kabisa, toddy ni tembo. Wafasiri, hili liwekeni mahali pa kulikumbuka: ukikuta "toddy" kwenye maandishi ya karne ya 17 au 18 yanayohusu India au Ceylon (Sri Lanka ya leo), usiandike wiski. Andika tembo, na anayeitwa "toddy-tapper" ni mgema, hana jina jingine.

Wiski iliingiaje, basi? Neno lilisafiri hadi Uskoti, na katika karne ya 18 likabandikwa kinywaji cha baridi: pombe kali, maji ya moto na sukari. Sisi tunasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kule Uskoti kutia maji ndiko kulikokuwa kinywaji chenyewe!

Vijana wa hoteli, mgeni mwenye mafua atawaagiza "hot toddy". Tieni mililita 50 za wiski, kijiko cha chai cha asali, maji ya nusu limau, karafuu mbili tatu. Kisha maji ya moto, kama mililita 100 hadi 150. Yaliyotoka kuchemka yaacheni yatulie kidogo. Yakimwagwa yakitokota moja kwa moja juu ya wiski, harufu yote inapanda hewani na kinachobaki ni uchungu. Asali ikorogwe na maji kwanza, la sivyo inaganda chini. Na kama glasi ni nyembamba, weka kijiko cha chuma ndani kabla ya kumimina, kichukue sehemu ya joto. Glasi nyingi zimepasuka kwa kukosa hicho kijiko.

"Punch" nayo inatoka upande huo. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba imetokana na "panch" ya Kihindi, tano, kwa viambato vyake vitano: pombe kali, sukari, maji ya ndimu au limau, maji, na viungo au chai. Wapo wanaobisha, wakisema ni kifupi cha "puncheon", aina ya pipa. Kinachojulikana bila ubishi ni kwamba neno hili limo kwenye barua ya mtu wa Kampuni ya India Mashariki ya mwaka 1632. Pombe iliyotumika kwenye punch za mwanzo mara nyingi ilikuwa "arrack", neno la Kiarabu la jasho, kwa jinsi mvuke unavyotonesha matone kwenye mtambo wa kukenekea. Waliohamishia punch Karibi wakaacha kanuni ya vipimo ambayo hadi leo haijapitwa: sehemu moja ya uchachu, mbili za utamu, tatu za ukali, nne za ulaini. Uchachu ni ndimu, utamu ni sukari iliyoyeyushwa, ukali ni rum, ulaini ni maji au barafu. Ukigeuza moja na mbili, meno ya mgeni yatakuambia.

Na sharubati je? Hili nalipenda kuliko yote. Waarabu wana "shariba", kunywa. Humo tumepata sharubati. Waturuki wakawa na "sherbet" yao, na Waingereza wakaichukua kama kinywaji cha matunda kilichopoozwa. Kutoka mzizi huo huo wakapata "shrub", maji ya machungwa au malimau na sukari ndani ya rum au brandi, na "syrup" pia. Baadaye Uingereza "sherbet" ikawa unga mtamu wenye kutoa mapovu ukitiwa maji. Kisha wanywaji wa baa wakalichukua neno hilo wakaiita bia hivyo. Mwingereza akimwambia mwenzake baada ya kazi, twende tukapate "a couple of sherbets", anataka bia mbili. Ukimletea juisi ya ukwaju atashukuru, lakini atakuwa bado anasubiri. Na ole wako ukiwa London: huko "sherbet" huweza kuwa teksi, kwa njia nitakayoieleza muda si mrefu.

Chai haihitaji kurefushwa, maana mnaijua. Wachina wengi husema "cha", na jina hilo lilitembea kwa nchi kavu hadi Uajemi likawa "chai", likatufikia sisi. Wachina wa Fujian husema "te", na Waholanzi waliolipakia huko wakawapa Waingereza "tea". Lakini askari wa Uingereza waliokaa India walirudi kwao na lile la kwanza. Mpaka sasa mzee wa Kiingereza anaweza kuomba "a cup of char", na anachoomba ni chai. Askari hao pia wana "gunfire", chai yenye rum inayonywewa alfajiri, jina la mzinga wa asubuhi wa kambini.

Wajenzi nao wana chai yao, "builder's tea". Hapa watu wa hoteli hukosea kila siku. Mgeni anataka kikombe kikubwa chenye mkono, pakiti moja ya chai nyeusi, maji yanayotokota kabisa, dakika tatu hadi tano, kisha pakiti itoke ndipo maziwa baridi kidogo yaingie. Sukari vijiko viwili. Ukiweka maziwa mapema, maji yanapoa na majani hayatoi rangi. Ukimchemshia na maziwa jikoni kama chai yetu, umempa kinywaji kizuri ambacho hakukiomba. Na mwambieni kwa fahari kwamba sehemu kubwa ya chai iliyomo kwenye pakiti za kwao imelimwa Kenya na kupitia mnada wa Mombasa: majani yaliyokatwa, kuchanwa na kukunjwa kwa mashine, ndiyo maana yanatoa rangi upesi.

Kuna moja la kuongeza kabla hatujaihama bahari hii. Katika India ya Waingereza maji ya soda yaliitwa "bilayati pani", maji ya Ulaya. "Bilayati" imetokana na "wilaya" ya Kiarabu, hiyo hiyo iliyotupa sisi wilaya na Ulaya. Askari wakaigeuza "Blighty", wakawa wanaiita hivyo nchi yao wenyewe, Uingereza!

Twendeni London sasa, kwa wachukuzi. Mwanzoni mwa karne ya 18 kulikuwa na maelfu ya watu waliobeba mizigo mgongoni kutoka gatini kwenda sokoni. Walipenda bia nyeusi, nzito, iliyopikwa kwa kimea kilichokaushwa hadi kuwa kahawia. Mchukuzi kwa Kiingereza ni "porter", na bia ikachukua jina la mnywaji wake. Ile kali zaidi iliitwa "stout porter", porter nene. Watu wakafupisha, ikabaki "stout". Wengi wanaoagiza stout leo hawajui kwamba wanamtaja hamali wa London kwa sifa tu, jina lake limedondoka njiani.

Porter ilihitaji kukaa muda mrefu ndipo iive, na wenye viwanda wakashindana kujenga mapipa makubwa. Tarehe 17 Oktoba 1814, katika kiwanda cha Meux karibu na Tottenham Court Road, karani aliona pete moja ya chuma imeteleza kwenye pipa lenye kimo cha futi 22. Ilikuwa si mara ya kwanza pete kuteleza, na aliambiwa hakuna madhara. Akaandika barua ya kuomba ikatengenezwe. Muda wa saa moja hivi baadaye pipa likapasuka. Nguvu yake ikavunja mapipa mengine na ukuta wa nyuma, na bia ikaingia kama wimbi kwenye nyumba za maskini wa St Giles. Watu 8 walikufa, wote wanawake na watoto. Baadhi yao walikuwa wamekusanyika kwenye msiba wa mtoto. Nakitaja kisa hiki kwa sababu wanaoisimulia historia ya bia hupenda kukipitia wakicheka, na mimi sioni cha kuchekea.

Katikati ya karne ya 19 wachuuzi wa London mashariki walikuwa na lugha ya vina, na kamusi za misimu za miaka ya 1850 zimeinukuu. Inafanya kazi hivi. Chukua neno unalotaka kulificha. Tafuta msemo wa maneno mawili ambao mwisho wake unalingana nalo kwa sauti. Sema msemo badala ya neno. Kisha, ukishazoeleka, dondosha sehemu yenye kina. Hapo mgeni hapati hata pa kushika.

Tuone. Bia ni "beer". Kina chake "ear", sikio. Msemo: "pig's ear", sikio la nguruwe. Chai ni "tea". Msemo ni "Rosie Lee", na wengi husema "Rosie" tu. Aliyelewa ni "drunk". Msemo ni "elephant's trunk", mkonga wa tembo, ukikatwa unabaki "elephants". Jini ni "gin". Msemo ni "Vera Lynn", mwimbaji aliyewatia moyo askari katika Vita vya Pili vya Dunia. Na ile teksi niliyowaahidi: "cab" hulingana na "sherbet dab", aina ya peremende, ukikatwa unabaki "sherbet". Kwa hiyo neno moja lina njia mbili, na muktadha ndio utakaokuokoa. Anayetoka nje akitazama barabara anataka gari. Anayelegeza tai anataka bia.

Nimeitaja jini. Hili nalo ni jina lililokatwa: "genever" ya Waholanzi, kutokana na tunda la mreteni linaloipa harufu. Halihusiani na mji wa Geneva, ingawa wengi husema hivyo. Askari wa Kiingereza waliopigana huko Uholanzi walirudi na mazoea ya kupiga funda kabla ya vita, na ujasiri wa namna hiyo ukaitwa "Dutch courage", ujasiri wa Kiholanzi. Karne moja baadaye jini ya bei ya chini iliangamiza familia za London hata Bunge likatunga sheria baada ya sheria. Ya mwaka 1736 ilidai leseni ya pauni 50 kwa mwaka, fedha ambayo mchuuzi mdogo hakuweza hata kuiota. Biashara ikaingia uvunguni. Dudley Bradstreet alitundika sanamu ya paka dirishani: unatia sarafu mdomoni mwa paka, na jini inatiririka kwenye bomba chini ya unyayo wake, muuzaji haonekani. Sheria ya mwaka 1751 ndiyo iliyoanza kushika. Jina "mother's ruin", maangamizi ya mama, ni la huzuni, na ukilifasiri usiligeuze utani.

Askari tena, Vita vya Kwanza, Ufaransa. Waaustralia waliagiza "vin blanc", divai nyeupe, kwa ndimi zisizojua Kifaransa. Ikageuzwa geuzwa midomoni hadi ikawa "plonk". Leo Waingereza wote wanalo, na maana imepanuka: divai yoyote ya bei nafuu, nyeupe au nyekundu. Mgeni anaweza kuiita hivyo divai aliyoileta mwenyewe. Wewe mhudumu usiiite hivyo ya hotelini kwako, hata akikutangulia.

Mwisho, vipimo, kwa wale wa kaunta. "Pint" ya Uingereza ni mililita 568, si chupa yetu ya 500. "Half" ni 284. "Single" ya pombe kali kwao kisheria ni 25 au 35, na mwenye baa huchagua moja akaishika. Akisema "a jar" anataka bia, wala hataki mtungi. Naona mikono imeshaanza kuinuliwa kule nyuma. Dada mwenye kilemba cha buluu, tuanze na swali lako.